Joto Lisilofika Chumba cha Mwisho

Jumanne, 3 Novemba 1987. Lewiston.
Nimechoka na hata sijaanza. Mama mkwe, Bi Alphonsine, anahama kwake kabla theluji haijatulia. Ataishi kwetu au kwa mwanawe Fernand, aamue mwenyewe Jumapili. Namtaka hapa. Katika ukoo mzima wa mke wangu, ni yeye tu anayecheka hadithi zangu. Tatizo: chumba cha nyuma hakina joto. Fernand ni fundi bomba mwenye leseni. Basi mabomba ya joto nitayaunganisha mwenyewe.

Alhamisi, 5 Novemba.
Kazi imekwisha. Bomba moja la shaba, nusu inchi, linatoa maji moto kwenye boila na kuyazungusha nyumba nzima, kupitia vile vipasha joto virefu vya chini ya ukuta. Futi sitini zote. Sebule, jikoni, chumba chetu, mwisho chumba cha mama. Magoti yamekufa.
Fernand akapita, eti anarudisha sahani. Akainama. Akaguna. Akauliza kama nilipiga hesabu ya joto linalopotea kila chumba. Nikamwambia nyumba yangu naijua. Akasema bomba la nusu inchi linatosha futi thelathini hivi. Zaidi ya hapo maji yanafika yamepoa. Niweke la robo tatu inchi, au nigawe mzunguko mara mbili.
“Shemeji, hapo unamnywesha ng'ombe kwa mrija!”
Rolande alicheka. Mke wangu wa ndoa!

Jumamosi, 7 Novemba.
Nimewasha boila. Sebule: jangwa. Jikoni: sawa. Chumba cha mama: friji.
Nibadilishe bomba? Nikubali kwamba Fernand alisema kweli? Thubutu! Kama maji yanafika yamechoka, yasukumwe. Nimenunua pampu ya kuzungushia, kubwa mara tatu ya ile ya zamani iliyo kwenye boila. Muuzaji akauliza ni ya shule gani. Nikamjibu ni ya mama mkwe.

Jumapili, 8 Novemba.
Siku mbaya.
Bi Alphonsine alifika baada ya misa, na sanduku lake na sufuria ya supu ya njegere. Nikawasha pampu. Mabomba yakapiga mluzi. Kisha yakalia, kuta zote, kama paka aliyebanwa na mlango. Mama akaweka kijiko chini, akauliza nani analia. Nikasema ni maji. Akauliza yanalilia nini.
Chumba chake kilipata uvuguvugu. Akajilaza humo na koti, kofia ya sufu, pamba masikioni. Saa kumi alasiri akatoka, akanishika shavu.
“Normand mwanangu, nakupenda. Lakini chumba kile kinaniimbia mazishi, nami bado nipo.”
Ameenda kwa Fernand. Sanduku nimelibeba mwenyewe hadi garini.

Jumatano, 11 Novemba.
Rolande hasemi nami ila akitaka chumvi. Pampu nimeizima. Nyumba baridi, na kimya chake kibaya kuliko ule mluzi.
Nimempigia Fernand simu. Mara mbili nilikata kabla hajapokea. Ya tatu nikasema, “Shemeji, njoo.” Nikangoja kejeli. Akajibu tu kwamba atakuja Jumamosi. Akaongeza, kwa sauti ya chini, kwamba mama anauliza habari zangu kila siku. Yeye Fernand amejaribu kumsimulia hadithi. Hakucheka hata moja.

Jumamosi, 14 Novemba.
Fernand amegawa mzunguko: mmoja wa mbele, mmoja wa nyuma, kila mmoja futi thelathini. Amerudisha pampu ndogo. Maji yanapita kimya. Kazi ya asubuhi moja! Nilimshikia tochi.
Jioni Bi Alphonsine alikuwa amerudi kwetu, kitandani kwake, miguu peku, mashavu mekundu. Nikamsimulia ile ya kasisi na dubu. Alicheka hadi meno ya bandia yakamtoka. Nikasingizia kiu, nikaenda jikoni kujifuta macho.

Jumapili, 15 Novemba.
Baada ya misa, mjane Gagnon alilalamika nyumba yake haipati joto. Nikamweleza nilivyotengeneza yangu. Yaani, ilivyotengenezwa. Akaniomba nimsaidie. Ghorofa mbili, vyumba kumi na kimoja.
Fernand, nyuma yetu, akakohoa. Akaniuliza kwa upole kama nitapima kwanza.
Kupima nini? Nyumba ile naipita kila siku.
Naanza kesho.