Meza Iliyoninyima Posho

Hamduni Shomari,
Nyuma ya Soko, Nyakato,
Musoma.
9 Januari 1995

Mwenyekiti,
Kamati ya Posho ya Waliopunguzwa Kazini,
Musoma.

Ndugu Mwenyekiti,

YAH: KUHESABIWA MFANYABIASHARA KWA SABABU YA MEZA

Nakusalimu kwa heshima, na naomba radhi kwa kukuchukulia muda, ambao najua wewe unao mchache. Mimi ninao mwingi tangu tarehe 31 Machi mwaka jana.

Kwa miaka kumi na saba nilikuwa karani wa mahudhurio katika kiwanda cha nguo. Niliandika nani ameingia saa ngapi na nani amechelewa. Siku hiyo ya Machi niliandika majina ya watu mia mbili na kumi na wanne wanaotoka wasirudi, na jina la mwisho lilikuwa langu. Tuliahidiwa posho ya mpito ya miezi sita. Mimi nimenyimwa kwa sababu, kwa maneno ya Kamati yako, "mwombaji anamiliki biashara".

Binti yangu Kudura anatakiwa kuripoti kidato cha kwanza huko Bunda tarehe 16 mwezi huu, akiwa na godoro, jembe, na ndoo yenye mfuniko. Posho hiyo ndiyo godoro, ndiyo jembe, ndiyo ndoo. Malalamiko yangu nayapanga kama ifuatavyo, na tarehe zote nimezitoa katika shajara yangu, ambayo sijaruka siku tangu nikiwa kidato cha pili.

1. Biashara inayosemwa ni meza. Siku ya kuagwa, kila mtu aliruhusiwa kuchukua kifaa chake cha kazi. Mafundi walichukua spana. Mimi nilipewa meza. Haikupita mlangoni hata tulipong'oa fremu, kwa hiyo mke wangu Mwanahalima aliamua ibaki barazani. Nikawa nakaa hapo kuandika shajara. Sasa mtu akiona meza, na nyuma yake mwanamume mwenye miwani anaandika, anaamini hiyo ni ofisi. Walikuja na fomu zao niwajazie. Niliwajazia. Mmoja aliacha sato wawili, mwingine kibaba cha unga. Hiyo ni asante, Ndugu Mwenyekiti. Asante haijawahi kuwa biashara.

2. Tarehe 12 Julai alikuja mgambo wa mji akasema meza hiyo isipokuwa na leseni itabebwa. Nilimjibu kwamba ikibebeka nitashukuru, maana watu sita ilitushinda. Hakucheka. Nikakata leseni ili nilale kwa amani. Karani wa leseni alitafuta kazi yangu katika orodha yake, akaikosa, akaandika "Nyinginezo". Hivyo ndivyo nilivyokuwa mfanyabiashara wa Nyinginezo. Majirani wananiita Tajiri. "Tajiri, leo mmekula nini?" Nawaambia uji. "Ndiyo maana hamnenepagi, ubahili umewazidi!"

3. Tarehe 5 Septemba nilifika ofisini kwenu, dirisha namba moja. Karani wenu, Bwana Leonardi, alinieleza kwa upole kwamba mfanyabiashara hapewi posho, niende dirisha namba mbili linalokopesha wafanyabiashara wadogo. Nikasogea hatua tatu. Bwana Leonardi naye alibeba kiti chake, akasogea hatua tatu, akanieleza kwa upole uleule kwamba mtu asiye na kazi hakopesheki, nirudi dirisha namba moja. Tulisogea hivyo mara nne. Mara ya tano akanisihi, "Mzee wangu, nionee huruma, kiti hiki ni kizito." Nilimwelewa. Uzito wa samani naujua.

4. Siko peke yangu. Mwenzangu Masatu wa Makoko amenyimwa kwa sababu mkewe Wankyo anaanika dagaa juu ya mawe ziwani. Masatu aliniambia, "Mimi nilikuwaga fundi mitambo, leo dagaa wa mke wangu wamenifanya bosi!" Wankyo akatoa shauri: "Baba Burito, niache miezi sita tu. Ule posho, halafu uje unichukue." Shauri zuri, lakini tulipolipima kwa kalamu tuliona shimo. Masatu akimwacha mkewe, baba mkwe wake Mzee Wanzagi wa Butiama itabidi arudishe ng'ombe kumi na mmoja wa mahari. Na fomu yenu, swali la saba, inauliza: "Je, unamiliki mifugo?" Kwa hiyo akiwa na mke ni mfanyabiashara, asipokuwa na mke ni mfugaji. Naomba Kamati itufahamishe ni lini Masatu atakuwa maskini.

5. Mimi nilijaribu njia halali. Kwa kuwa mnasema nina biashara, basi mimi ndiye mwajiri na mimi ndiye mfanyakazi. Tarehe 1 Novemba nilijiandikia notisi ya mwezi mmoja. Tarehe 1 Desemba nilijipunguza kazini, nikajishukuru kwa utumishi mwema, nikaleta barua kwenu. Ilirudishwa kwa kuwa haikuwa na mhuri wa mwajiri. Nikachonga mhuri kwa kandambili. Barua ikarudi tena: mwenye mhuri ana biashara.

Kwa hayo yote, naomba jambo moja dogo. Najua siku hizi Serikali inauza mali zake, lakini kwa upande wangu naomba irudi nyuma hatua moja na kuitaifisha meza yangu. Baada ya hapo iniajiri kuwa karani wa meza hiyo kwa siku moja, na kesho yake inipunguze kwa utaratibu unaokubalika, nikiwa sina biashara, sina mhuri, sina hata mahali pa kuegemeza kiwiko. Posho itoke kabla ya tarehe 16.

Wasalimie wajumbe wote, mlinzi wa getini na mama wa chai. Mwanahalima na Kudura wanawasalimu.

Mimi niliyepunguzwa mara mbili,

Hamduni Shomari

Nakala: Mwajiri wangu (amesoma, hana pingamizi).

Nyongeza, Ijumaa 13 Januari: Barua hii imechelewa kupostiwa kwa sababu kila nikitaka kuinuka mezani anakuja mtu mliyemnyima, anataka barua ya malalamiko kama hii. Wiki hii wamefika thelathini na mmoja. Godoro limeletwa na mama mmoja wa Murangi, jembe ni la Masatu, na ndoo imefika asubuhi hii, mpya, na mfuniko wake. Kwa hiyo ombi la kutaifisha meza naliondoa, na naisihi Kamati isilegeze masharti yake walau hadi Kudura amalize kidato cha nne. Aliyeleta ndoo ni Bwana Leonardi, aliyepunguzwa juzi na kunyimwa posho kwa ajili ya kuku wa mkewe. Yuko wa sita kwenye foleni. Kiti amekuja nacho mwenyewe.