Kamati ya Usafi wa Hewa Nyepesi

Inatangazwa kwa heshima kubwa kwamba mwaka 1935 shamba letu la chai, nje kidogo ya Sotik, liliunda Kamati ya Usafi wa Hewa Nyepesi. Mwenyekiti alikuwa Bwana Meneja. Mimi, Karani Lazarus Amolo, nilikuwa katibu, na nilifurahi mno hata nikavaa tai mbili.

Sherehe ya Mfalme wa Uingereza ilikaribia, na Bwana Meneja alitaka puto la kubeba mtu. Ogari, mchochea moto wa kiwanda, angelijaza haidrojeni kwa kupitisha mvuke juu ya makaa mekundu. Puto likikataa kupaa, yeye na mkewe Bitutu wangefukuzwa kambini siku hiyohiyo.

Ogari aliomba mkaa mkavu. Kamati ilimpa uliolowa mvua, wenye matope na vijiti vibichi, kwa kuwa mkavu ulihitajika kuchemshia Bwana Meneja maji ya kuoga. Ogari alieleza kwamba mkaa mchafu hutoa moshi na lami, na hewa huwa nzito. Alijibiwa kwa Azimio Namba Tatu: ubora wa mkaa hauhusiani kabisa na usafi wa hewa. Nililiandika kwa wino mwekundu.

Kwa siri, Bwana Meneja aliniambia puto halitanyanyuka hata kidogo. Angekaa kapuni apigwe picha, kisha amfukuze Ogari. Kwa hiyo hakuona haja ya kamba ya kulifunga puto chini.

Kumbe Bitutu alikuwa amempelekea mumewe magunia matatu ya mkaa wake wa kuuza, mkavu kabisa.

"Siwezi toka kambi juu ya maji ya mtu kuoga," aliniambia baadaye.

Bwana Meneja aliingia kapuni, akanyoosha masharubu. Puto likapaa. Wachuma chai walishangilia wakidhani ndiyo ratiba, nami nikapiga makofi mpaka viganja vikaniwasha.

"Ogari, shusha mimi sasa hivi!"

Ogari alivua kofia. "Bwana, hiyo hewa iko safi sana. Lakini kamati ilisema si maneno ya makaa."

"Kamati nakosa! Makaa ndiyo maneno yote!"

"Karani, umeandika?" Ogari aliniuliza.

Niliandika, neno kwa neno. Kisha wajumbe tuliobaki chini tulipiga kura: Ogari na Bitutu wasiguswe kambini, na Ogari awe mwenyekiti. Azimio lilipita bila kupingwa, maana Mwenyekiti wa zamani alikuwa ameshapeperushwa angani upande wa Siongiroi na kura yake haikusikika.