Maoni Matano Kuhusu Ndege wa Penina

Jumatatu, 1 Machi 1993
Nimeshindwa na punje za choroko. Mbele ya ofisi nzima.

Penina, mpiga chapa wetu, mzaliwa wa Haneti, ametunga mchezo. Shamba la uwele limechorwa juu ya boksi. Choroko ndiyo ndege, wanaingia kundi baada ya kundi. Mchezaji anajenga madungu matatu ya kulindia kwa vizibo vya soda. Dungu likishajengwa halihami. Yangu matatu nikayapanga katikati ya shamba, yaonekane vizuri. Kundi la nne likamaliza uwele wote. Loisi wa mapokezi alifika kundi la kumi, la mwisho, huku akitafuna karanga. Akaniuliza kama ndege wa kwetu Bukoba huwa wanabisha hodi kwanza.

Jumanne, 2 Machi
Penina anaomba maoni. Tuseme kilichotukera, kilichotuchosha, na tungebadilisha nini. Jumamosi anakuja Mzee Elieza, mwenye mtambo mdogo wa uchapaji. Akiupenda mchezo, atauchapa. Jambo si dogo, maana jina la Penina limo kwenye orodha ya watakaopunguzwa kazini mwezi ujao, na ana watoto wawili.

Ili tuwe huru, karatasi zitumbukizwe kwenye sanduku la maoni koridoni. Tangu liwekwe limepokea maganda ya pipi tu.

Nina wazo. Mmoja akisema mchezo ni mgumu, ataambiwa hajui. Watano wakisema, basi ni mgumu kweli.

Jumatano, 3 Machi
Nimeandika maoni matano, kila karatasi na jina lake chini. Yangu, ya Daudi dereva, ya Evelina wa chai, ya Nikodemo wa stoo na ya Mzee Sila mlinzi. Ya Mzee Sila nimeyaandika kwa mkono wa kushoto, yamependeza sana. Wote tunaomba ndege wapunguzwe nusu na madungu yawe manane. Nimejipongeza kwa maandazi.

Ijumaa, 5 Machi
Penina amechora boksi upya. Macho mekundu. Loisi alimwandikia asiguse kitu, lakini ni mmoja dhidi ya watano. Penina anasema kama hata Mzee Sila, aliyekulia juu ya dungu, ameona ndege wamezidi, basi kosa ni lake.

Nikacheza. Nikashinda! Nikashinda tena. Mara ya tatu nilikuwa natazama dirishani, nikashinda.

Jumamosi, 6 Machi
Siku mbaya.

Mzee Elieza alicheza mpaka kundi la kumi, akapiga miayo, akauliza ndege wenyewe wanakuja lini. Akasema mchezo usioweza kumshinda mtu hauna mnunuzi. Penina akamwonyesha karatasi zetu ili ajue alifuata maoni ya wachezaji.

Mzee Elieza akazipanga mezani. Zote tano zilikuwa na YAH juu, imepigiwa mstari, na chini: Nakala, Jaladani. Mazoea ya barua za masjala. Mzee Sila akasema kutoka mlangoni kwamba yeye hajui kuandika, hata mshahara anaupokea kwa dole gumba. Watu wote wakanigeukia mimi, karani wa masjala. Nikasema labda alisaidiwa.

Penina hakunigombeza. Aliniuliza tu, kaka Batholomeo, kwa nini hukuniambia kwamba umeshindwa, ningekuonyesha pa kujenga. Ni pembeni, kule ndege wanakoingilia. Nilitamani sakafu inimeze.

Mzee Elieza amempa wiki moja arudi na mchezo wake wa mwanzo.

Jumatatu, 8 Machi
Aibu haijaisha. Evelina ameniwekea chai bila neno na bila sukari. Nimejificha nyuma ya majalada tangu asubuhi.

Penina ameomba maoni tena. Safari hii ya kweli, maana hana muda wa kukosea. Nimeamua kumweleza kila kitu. Nimeandika kwamba mchezo wa kwanza ulikuwa mzuri, asiuguse. Kwamba kilichoharibika ni kiburi cha Batholomeo, ambaye hakujua kucheza akaona haya kusema. Kwamba ana majuto makubwa na anamwomba Penina radhi kutoka moyoni. Nimeisoma mara mbili, machozi yakanilenga.

Sikuweka YAH. Sikuweka Nakala. Nimesaini Daudi, dereva.