Malalamiko Kuhusu Kidonge cha Mtu Mmoja

Mamba Miamba,
Same.

Ndugu Mtafiti Mkuu wa Vidonge vya Lishe kwa Wazee,

Salaam nyingi kutoka milimani. Mimi ni mzee Melkizedeki Sifael, mshiriki wako mtiifu. Watu husema Mpare yuko radhi kuuza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. Mimi sijauza kitu, nimenunua kalamu tu, kwa hiyo naomba unisikilize.

1. Mlinichagua mimi, mke wangu Dorkas mkamwacha. Mlisema umri wake haujafika. Magoti yake yamefika zamani! Sasa, Ndugu Mtafiti, mtu atakulaje peke yake mbele ya mkewe? Kwetu hata ndizi moja hukatwa. Basi kila asubuhi nakikata kidonge kwa kisu cha mboga, nusu yangu, nusu yake.

2. Muuguzi Devotha huja kuhesabu vilivyobaki. Akikuta kopo tupu, hunisifu mbele ya majirani kuwa mimi ni mshiriki bora. Sifa hizo zinanichoma.

3. Mgeni akinikuta nameza, adabu inataka nimkaribishe. Mchungaji alionja robo, akashukuru.

4. Ujumbe wenu wa simu hunikumbusha kumeza. Haujawahi kuuliza mama hajambo.

Kwa hiyo kila nyumba ipewe vidonge vya kutosha: vya mume, vya mke, vya wageni, na akiba ya Mchungaji. La sivyo najitoa. Nasema kweli, sizitaki nguvu za peke yangu. Nikipanda hadi shamba la tangawizi, na Dorkas amebaki chini migombani ameshika magoti, nguvu hizo nizifanyie nini? Nampenda mke wangu, nanyi mnanitenganisha naye kwa kidonge.

Nisalimieni Devotha, dereva wenu anayeziogopa kona zetu, na wote mnaoshinda mkihesabu huko ofisini.

Ni mimi, mwenye manung'uniko na heshima zake,
Melkizedeki Sifael

Nyongeza: Nimemsomea Dorkas barua hii, akacheka hadi akakaa chini. Kumbe nusu yake hajaimeza hata mara moja! Huisaga kwa kijiko akanitilia kwenye uji, maana anaumia kuniona nikipanda mlima huku natweta. Hivyo, ukiondoa ile robo ya Mchungaji, nimekuwa nikimeza kidonge kizima na hesabu zenu ni sahihi. Naomba malalamiko yote yafutwe. Ila kuanzia kesho, uji napika mimi.