Umeme wa Kupimwa kwa Mizani ya Vitunguu

Jumamosi, 2 Machi

Nimeamua. Dada hatategemea tena ile laptop yake inayohema kama mgonjwa wa pumu. Nitamjengea kompyuta. Mimi mwenyewe, kwa akiba yangu ya kufundisha tuisheni. Kompyuta ya bei ya chini itakayokimbia kama ya bei ya juu!

Jambo lenyewe ni hili. Mwaka mzima Dada amekuwa akimrekodi Mama kwenye cherehani yake: akikata vitambaa, akigombana na wateja, akiimba na kukosea maneno. Imetoka filamu ya dakika ishirini. Chuo anachokitamani kinapokea maombi mwisho Ijumaa ijayo, saa sita mchana. Lakini laptop ikianza kuikamilisha filamu, yaani kuunganisha vipande vyote viwe faili moja, inazima katikati. Leo imezima tena. Dada amelia bafuni huku amefungulia bomba. Anadhani maji yanaficha.

Nikamwambia kupitia mlangoni kwamba aniachie mimi. Akauliza, kwa sauti ya puani, kwani Profesa umewahi kujenga kompyuta? (Profesa ni mimi. Jina hilo nililetewa na shahada ya hisabati, na humu ndani halitamkwi kwa heshima.) Nikasema nimesoma kila kitu. Akanyamaza. Nimehesabu hiyo kama shukrani.

Jumapili, 3 Machi

Binamu alikuja kutusalimia. Yaani alikuja kutukumbusha kwamba ana kompyuta mpya, ya dukani, yenye dhamana. Tunamwita Bwana Risiti kwa sababu huhifadhi risiti hata za kibiriti. Akamwambia Dada alete filamu kwake, yake inaimaliza kwa saa mbili akiwa anakunywa chai. Dada akanitazama. Nikajibu kabla hajajibu yeye: asante, tumeshajipanga.

Binamu akacheka, akasema binamu yangu wewe, kompyuta inanunuliwa, haipikwi.

Tutaona nani anapika nini.

Jumatatu, 4 Machi

Mtaa wa vipuri. Nimeshapata prosesa ya mtumba, ubao mama wa mtumba wa kushikia vipuri vyote, kadi ya picha ya mtumba sana, na feni inayolia kidogo. Prosesa, ubongo wa kompyuta, ndiyo fahari yangu. Kiwanda kimeipangia kasi yake, lakini ukiingia kwenye mipangilio unaweza kuilazimisha ikimbie zaidi. Inapata joto, inakula umeme, lakini inakimbia. Prosesa yangu ya kimaskini itampita Binamu na dhamana yake!

Imebaki pawa saplai, lile boksi la chuma linalopokea umeme wa ukutani na kugawia kila kipuri fungu lake. Hapo lazima kichwa kitumike. Maandishi ya wati yaliyobandikwa juu siyaamini. Karatasi haikatai kuandikwa. Lakini nimesoma kwamba nzuri ina shaba nyingi ndani na koili nene za waya uliozungushwa, kwa hiyo huwa nzito. Basi uzito ndio ukweli. Uzito hauna mdomo.

Muuza vipuri alinipa tatu, akanihimiza nizishike mwenyewe, nisikie kitu kilivyoshiba. Nikasema mkono hudanganya. Nikaacha kitambulisho changu kama rehani, nikavuka barabara na boksi zote tatu hadi kwa mama muuza vitunguu, nikamwomba mizani. Akanikagua juu hadi chini, akauliza binti, vitu hivi mnavipika na nini? Wateja wake wakavunjika mbavu. Mimi nilikuwa naandika vipimo.

Ya tatu iliziacha nyingine mbali. Nzito kama mtoto mchanga. Nimeichukua. Nimerudi nayo nimeipakata, kwa kweli.

Jumanne, 5 Machi

Nimeunganisha kila kitu juu ya meza ya kukatia ya Mama. Mama alikuja akakuta skrubu ndani ya bakuli lake la vifungo. Akauliza kama skrubu hizi zitarudi kuwa vifungo kabla ya mteja wa saa nane. Akaniambia pia niinue mgongo, nitakuja kuwa na kibiongo kama chake. Sikuinua. Nilikuwa nachomeka waya.

Jioni, imewaka! Mara ya kwanza tu! Nikapiga kelele, Dada akaja mbio, akaona skrini, akanikumbatia. Hakuwa amenikumbatia tangu nilipofaulu mtihani wa kidato cha nne.

Alinipa diski yake. Filamu yote imo humo, na video zote za mwaka mzima; laptop haina nafasi ya kubakiza chochote. Akasema jambo moja tu, akalirudia: mdogo wangu, kwanza unakili. Weka nakala mahali pengine, halafu ndiyo ucheze unavyotaka. Nikamwambia bila shaka.

Jumatano, 6 Machi

Nimejaribu kwa kasi ya kawaida. Mashine imetulia kama bibi harusi. Inakadiria kuikamilisha filamu kwa saa tatu.

Tatu!

Ya Binamu ni mbili.

Nimeisimamisha.

Dada akauliza mbona umesimamisha, si ilikuwa inakwenda? Nikamwambia ilikuwa inatembea. Akasema kutembea kunamtosha, Ijumaa bado. Nikamweleza tofauti ya kufika na kufika kwa heshima. Akauliza kama nimeshanakili. Nikasema kunakili ni kazi ndogo, mashine ikishashika mwendo itafanyika kwa kufumba na kufumbua, kwa nini nifanye leo polepole? Alisimama mlangoni akijikuna kiwiko.

Ningeiacha tu. Saa tatu. Ingekuwa imekwisha wakati wa chakula cha jioni.

(Sentensi hizo nimeziongeza Ijumaa.)

Alhamisi, 7 Machi

Asubuhi nilitoa diski ya Dada kwenye ganda lake, nikaichomeka ndani kabisa ya mashine, ili data ipite haraka. Nikaipandisha prosesa. Ikashika. Nikaipandisha tena. Ikashika! Makadirio: saa mbili na dakika kumi. Kumi tu zinanitenga na Bwana Risiti. Nikapandisha tena, na umeme wake nikauongeza.

Mlio wenyewe haukuwa mkubwa. Kama mtu aliyepiga makofi mara moja, kisha akajuta. Halafu moshi, na harufu ya plastiki iliyokaangwa. Mama alitoka na ndoo ya maji. Nikamzuia kwa mikono miwili.

Prosesa imekufa. Ubao mama umekufa. Diski ya Dada haizunguki. Nimeiweka sikioni. Kimya.

Nikaifungua pawa saplai. Koili mbili nyembamba, waya kidogo. Na pembeni, kimebandikwa kwa gundi nyeupe, kipande cha zege. Zege la ujenzi! Lina kokoto. Ndilo lililokuwa zito. Nilipakata zege mtaa mzima.

Dada alirudi mchana. Nilikuwa nimepanga maneno, yalikuwa mazuri, yalikuwa na sehemu tatu. Aliona meza, akaniuliza swali moja: ulinakili?

Nikasema nilikuwa karibu.

Hakupiga kelele. Heri angepiga. Alichukua diski yake, akaifuta masizi kwa upindo wa gauni lake, akaenda chumbani. Safari hii hakufungulia maji.

Ijumaa, 8 Machi

Alfajiri Dada alienda kwa Binamu. Kwenye kamera kulibaki vipande vichache alivyokuwa hajavifuta. Nilimfuata bila kualikwa. Binamu alinifungulia mlango na hakusema neno juu ya kupika. Nilikuwa nimejiandaa kwa dhihaka yake. Upole wake umenimaliza. Alinivutia kiti na kunipa chai.

Kwa vipande hivyo Dada aliunga filamu ya dakika nne. Ikakamilika huku chai yangu ikiwa bado moto. Ikatumwa kabla ya saa sita.

Niliitazama nikiwa nyuma ya bega lake. Mama anatunga uzi kwenye sindano, anakosa, anakosa, anapata. Nyuma yake, kwenye kona, kuna mtu amejikunja juu ya kitu fulani, ulimi nje, hajui kuna kamera. Ni mimi. Ninafungua redio ya jirani, ambayo haikupona mikononi mwangu.

Nikauliza mbona nimo. Dada akasema ulikuwamo sehemu nyingi. Akasema kuna mahali alimuuliza Mama kuhusu mimi, Mama akasimamisha cherehani ndipo akajibu.

Mama hasimamishi cherehani kwa ajili ya mtu yeyote. Hata kwa moshi alikuja akiwa na uzi mdomoni.

Nikauliza alijibu nini.

Dada akasema: ilikuwa kwenye diski.

Jumapili, 10 Machi

Nimemuuliza Mama mwenyewe, kijanjajanja, huku nikimsaidia kufumua mshono. Akasema, mwanangu, mwaka mzima naongea na ile kamera, nitakumbuka lipi? Huenda nilisema uinue mgongo.

Haikuwa hilo. Hilo asingelisimamishia cherehani.

Dada ananisalimia. Ananipa chumvi nikiomba chumvi. Nimejaribu kuomba msamaha mara mbili. Kila mara nimejikuta naeleza jinsi umeme unavyoruka kutoka koili moja hadi nyingine.

Jumatano, 20 Machi

Majibu ya chuo yamekuja. Wameipenda filamu. Wameisifu ile sindano. Lakini ni fupi kuliko masharti yanavyotaka. Ajaribu mwaka ujao.

Dada aliyasoma kwa sauti ya kawaida, akaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi. Nilichukua kitambaa nikasimama kando yake nikipangusa. Nikasema samahani. Neno hilo tu, bila koili. Akasema ameisikia. Baadaye akanirushia povu, akasema Profesa, toka hapo, unapangusa sahani moja tangu saa ile.

Nimekuja chumbani kulia. Nimeelewa kwa nini watu hufungulia bomba.

Jumamosi, 23 Machi

Dada ameanza kurekodi upya! Ana diski mpya, ameifunga kwenye kamba na kuivaa shingoni, ndani ya gauni. Anakula nayo. Akipita karibu nami huishika kwa mkono.

Nami sijakaa bure: prosesa nyingine ya mtumba na ubao mama mwingine nimeshavipata. Filamu mpya itahitaji mashine, na safari hii nimefikiri kwa makini. Kosa langu nimelipata. Niliamini uzito, na uzito ulikuwa zege. Kwa hiyo pawa saplai isiyo na cha kuficha ni ile nyepesi. Mchana nikabeba tano hadi kwa mama muuza vitunguu. Aliponiona aliondoa vitunguu kwenye mizani kabla sijaomba, akauliza leo unatafuta kilo ngapi. Nikamwambia chache kadiri inavyowezekana. Nimepata moja, nyepesi kama mkate! Ukiitikisa, ndani hakuna kitu kabisa.

Nimerudi nikiirusha juu na kuidaka. Nikamkuta Dada anafungasha kamera. Akasema nimechelewa kidogo tu. Amemuuliza Mama lile swali tena, kuhusu mimi. Mama amesimamisha cherehani. Amejibu. Safari hii amejibu kwa urefu zaidi.

Nikauliza amesema nini. Dada akagonga kifua chake, pale ilipo diski. Akasema utaona filamu ikikamilika.

Ikikamilika! Miezi! Na laptop ile!

Dada hulala mchana siku za Jumapili, na kamba yenyewe ni ya fundo moja. Ninahitaji diski kwa saa mbili tu, nivikamilishe vipande vilivyopo na kumsikia Mama. Saa moja na nusu, nikiisukuma prosesa vizuri. Kunakili nitanakili, sijasahau. Mashine ikishashika mwendo.