Ombi la Kuegesha Ng'ombe Katika Nafasi Namba Kumi na Nne

Kwa Ndugu Mwenyekiti wa Kamati ya Wapangaji,
na majirani wote mtakaosomewa barua hii katika mkutano wa Jumamosi.

Kuhusu: ng'ombe mmoja, mpole, wa maziwa.

Ndugu Mwenyekiti,

Naomba nianze kwa kuushukuru uongozi wako kwa balbu mpya za ngazini. Tangu ziwekwe tunaonana nyuso, na watu wanaoonana nyuso huweza kuelezana shida zao bila kupandishiana sauti. Shida yangu ina umri wa miezi minane na meno mawili.

Mnamfahamu. Ni yule binti wa ghorofa ya nne ambaye nyumbani tunamwita Mheshimiwa, kwa sababu hubebwa kila aendako, huchelewesha watu, na hajawahi kumshukuru yeyote. Mama yake, ambaye hutengeneza meno ya bandia katika maabara, amerudi kazini. Mimi ni mkalimani wa mahakama, na siku nyingi kazi yangu naifanya kwa simu nikiwa kwenye meza ya jikoni. Basi jukumu la kijiko limeniangukia mimi. Muuguzi wa kliniki alituagiza tumzoeshe mtoto mtindi: usiotiwa sukari, usiopunguzwa mafuta, wa maziwa yaliyochemshwa. Mheshimiwa ameukataa. Mstari wa uzito kwenye kadi yake, uliokuwa ukipanda kama moshi, sasa umelala chali. Na mama mkwe wangu, aliye nyumbani kwetu, mbali na hapa, ametamka kwa simu, mbele ya mashahidi: "Baba, kama huko hakuna maziwa ya kumlisha mjukuu wangu, huku yapo. Mwisho wa mwezi naja kumchukua. Mtamwona tena akiota magego."

Ndugu Mwenyekiti, mama mkwe si mtu wa kutishia nyau. Mbeleko ameshaifua.

Ndiyo maana nayaleta malalamiko yangu mbele yenu, kwa utaratibu, kama ifuatavyo.

1. Duka la mtaani. Katika friji lao, rafu ya usawa wa macho imejaa mtindi wenye picha za dubu wanaocheka. Wana haki ya kucheka: sukari iliyomo inatosha kuozesha hata meno anayoyatengeneza mke wangu. Rafu inayofuata ina mtindi ulionyang'anywa mafuta yote, wenye picha ya mwanamke anayejipima kiuno. Mwanangu hana kiuno. Chini kabisa, karibu na sakafu, lipo kopo jeupe lisilo na picha ya mtu wala mnyama. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Niliinama mpaka mlinzi wa duka akaja kuniuliza kama nimedondosha kitu.

2. Ladha. Nilikotoka, mkubwa huonja kwanza, na mdogo humtazama, ili ajue kwamba chakula ni salama na anayempa hamfichi kitu. Sijaiacha adabu hiyo kwa sababu tu nimepanda ndege. Nililifungua kopo jeupe mbele ya Mheshimiwa, nikaonja kijiko kimoja, nikawakumbuka ng'ombe wa babu yangu, na uso wangu, nakiri, ulibadilika. Mheshimiwa alinitazama kwa makini, akafumba mdomo, akageukia dirisha. Hapo ndipo nilipotambua kwamba mtoto huyu ana busara kuliko umri wake: bila hata kugusa kijiko, alitoa hukumu ile ile niliyoitoa mimi. Tumerudia jaribio hilo kila asubuhi, kwa haki na uwazi, na hajawahi kupingana nami.

3. Jibini. Muuguzi aliruhusu jibini laini lisilo na chumvi nyingi. Muuza jibini, mama mwenye kofia nyeupe na roho nyeupe zaidi, alinionjesha kipande kilichoota ukungu wa buluu, akasema ndicho fahari ya duka. Kwetu chakula kikiota ukungu hutupwa. Hapa huwekewa kibendera. Nilionja, Mheshimiwa akiwa mgongoni akichungulia juu ya bega langu. Tulitoka dukani wote wawili tumekunja nyuso, na huyo mama mpaka leo akituona hujifanya anahesabu visu.

4. Joto la jengo. Hapa, Ndugu Mwenyekiti, naigusa kamati moja kwa moja, nikiomba radhi. Mama mkwe alinielekeza kwa simu nigandishe maziwa mwenyewe: niyachemshe, niyapoze, niyatie kianzio, yaani kijiko cha mtindi uliokwisha ganda, kisha niyafunike blanketi juu ya kipasha joto. Niliyafunika vizuri kuliko mgonjwa. Lakini kamati, kwa azimio mlilolipitisha wenyewe, huzima joto la jengo zima watu wakilala. Asubuhi maziwa yalikuwa maziwa yale yale, ila yamepoa na kukata tamaa. Simsingizii mtu, nasema tu kwamba katika kudhoofika kwa mwanangu kila mpangaji hapa ana mkono wake, na wenye mkono katika tatizo wanapaswa kuwa na mkono katika suluhisho.

5. Ombi lenyewe. Kila nyumba katika jengo hili imepewa nafasi moja ya maegesho. Mimi sina gari. Kanuni zetu, ambazo nimezisoma kama ninavyosoma hati ya mashtaka, hazisemi popote kitu gani kiegeshwe. Katika nafasi namba tisa kumelala mashua isiyo na injini, chini ya turubai, tangu kabla sijahamia, na haijawahi kumpa mtoto wa mtu hata tone. Naomba basi kuegesha ng'ombe.

Faida zake zi wazi. Hana king'ora kinacholia chenyewe. Nyasi za uani atazikata bila kelele. Samadi yake itamfaa dada wa ghorofa ya pili mwenye vyungu vya maua. Habweki, tofauti na mbwa wa jirani yetu wa ghorofa ya chini, Mama Mbwa, ambaye namtaja kwa heshima zote. Mbwa huyo humbwekea hata mleta barua aliyemzoea. Kama mnahofia lifti, nimeipima: ng'ombe ataingia, lakini mlango hautafungika. Atabaki chini.

6. Marekebisho madogo. Nimekumbushwa na mke wangu kwamba ng'ombe hatoi maziwa asipokuwa na ndama. Naomba kwa hiyo palipoandikwa "ng'ombe mmoja" pasomeke "ng'ombe na mwanawe". Wazazi mliomo ukumbini mtanielewa. Siwezi kumtenganisha mama na mtoto wake ili mimi nisitenganishwe na wangu.

Dume siombi. Mimi ni mtu wa amani.

Nikiwa na imani kwamba kamati iliyoivumilia mashua haitashindwa na ng'ombe, nawatakia mkutano mwema. Wasalimieni walio ukumbini na waliotoroka kabla ya ajenda hii. Mfikishieni salamu fundi wa lifti. Na Mheshimiwa anawapungia mkono, ingawa bado huupunga kwa kujielekezea mwenyewe.

Mimi, jirani yenu mtiifu,
Baba Mheshimiwa,
ghorofa ya nne, mlango wa kushoto.

Nyongeza: Barua hii ilikuwa imekwisha fungwa nilipoteremka kupima nafasi namba kumi na nne. Nilimwacha Mheshimiwa, pamoja na kopo lake, kwa Mama Mbwa, ambaye alikuwa mlangoni na ana mikono mizuri. Niliporudi na futi yangu, nilimkuta binti yangu amekaa sakafuni karibu na mbwa, mtindi umemjaa hadi kwenye nyusi, akifungua mdomo kabla kijiko hakijafika. Kopo lilikuwa lile jeupe. Nilimuuliza Mama Mbwa ameutia nini. "Kijiko." Nikamuuliza kama aliuonja kwanza. "Kwani ni chakula changu?" Nikamweleza juu ya adabu ya kuonja, nikamwonyesha na uso ninaoufanya. Mheshimiwa akaufumba mdomo papo hapo. Mama Mbwa akanigeuza kwa mabega, akanielekeza ukutani. "Baba wee, mtindi mzima huo. Uso wako ndio uliochacha."

Naomba basi hoja namba moja hadi sita zifutwe, pamoja na lile neno nililolisema juu ya mbwa. Mama mkwe amearifiwa. Ameikunja mbeleko, lakini atakuja vilevile, kwa sababu nilishautangazia ukoo mzima juu ya ng'ombe na wanataka picha.

Kopo lilipokaribia kwisha nilikwangua kilichobaki, nikaonja, nikiwa bado nimeelekea ukutani ili mtoto asinione. Ni mtindi mzuri.