Saa Mbili Iligoma

Jumatano, 3 Juni
Hoteli yetu hapa Shangani inatafuta msimamizi wa kompyuta. Bi Thuwaiba, mwenye hoteli, atamtaja Jumatatu. Ni mimi au Radhiya wa mapokezi. Nimeandika skripti, programu fupi: inachukua saa ya kizungu ya kompyuta, 01 hadi 12, inajumlisha sita, ikizidi kumi na mbili inatoa kumi na mbili, inaonyesha saa yetu kwenye skrini ya jikoni. Nimeijaribu asubuhi, kompyuta iliposoma 07. Saa moja kamili! Kujaribu zaidi ni kujitilia shaka.

Alhamisi, 4 Juni
Bi ameamuru wafanyakazi wote wafuate skrini. Ikafika 1:59, ikaganda. Pandu, mpishi, huandaa chai saa mbili. Wageni walikunywa saa nne, skrini ilipozinduka yenyewe. Nilimuuliza Pandu mbona hakutazama simu yake. Akasema amri ni amri. Ana kinyongo tangu niliposema pilau lake halina chumvi.

Radhiya kanieleza, kwa upole unaokera: nambari ikianza na sifuri, kompyuta huihesabu kwa nane nane, na hesabu hiyo haina tarakimu nane wala tisa. 07 inapita, 08 inakwama. Dawa ni kuitangulizia 10#, ijue ni hesabu ya kumi. Nimemshukuru. Dawa ya mshindani sinywi. Nimeamuru sifuri zote zifutwe.

Ijumaa, 5 Juni
Saa mbili ikapita. Saa tatu ikapita. Nikatembea kifua mbele. Ilipofika 10, sifuri yake nayo ikafutwa, ikabaki moja. Moja na sita, saba. Saa nne asubuhi skrini ikasema saa saba mchana. Pandu akafunga jiko, akavaa kanzu, akaenda kuswali Ijumaa. Msikitini alimkuta mfagiaji tu. Bi akaniita, nikaitika naam. Akaniuliza jua la saa saba hukaa wapi. Niliona haya kwelikweli.

Jumamosi, 6 Juni
Radhiya kaweka alama zake tatu. Skrini iko sawa. Namchukia kidogo. Nimemwomba Bi nafasi ya mwisho: skripti ya kuhesabu siku alizobakiza kila mgeni. Kakubali. Jumatatu asubuhi, mbele ya wote. Ikigoma, kazi ni ya Radhiya.

Jumapili, 7 Juni
Imekamilika. Inachukua tarehe ya leo, 07, inaitoa kwenye tarehe ya mgeni kuondoka. Nimeijaribu kwa mgeni wa tarehe 12, ikapita mara ya kwanza. Radhiya kauliza kama nimeitia ile 10#. Nikamwambia ile ni dawa ya saa, hii ni tarehe. Shati la kesho nimeshalipiga pasi.